Randa kuukuu ya Gerezani imeishinda mpya ya boksi. Ni chuma, ni fundi au ni bahati?

#1 FundiWaKeko

Habari za jioni wakuu, naomba tusaidiane.

Nina karakana ndogo Keko, Dar es Salaam, natengeneza vitanda na makabati. Mwezi uliopita nilipita Gerezani, pale mjini wanapouza zana kuukuu, kutafuta bawaba. Nikamkuta mzee ametandika turubai chini, juu yake spana, nyundo zisizo na mipini, jiriwa iliyovunjika taya, na randa ya chuma, ile ya kulainishia mbao, yenye kutu mpaka kisu kimegandana na mwili. Aliitaka elfu 40, tukavutana hadi 25. Nyumbani nikailoweka kwenye siki usiku kucha, asubuhi nikaisugua kwa brashi ya waya, herufi zikaanza kutokea moja moja: STANLEY, No 4, Made in England.

Karakana tayari nilikuwa na randa mpya niliyoinunua Kariakoo kwa elfu 65. Rangi inang'aa, mshikio wa plastiki, bado ina grisi ya boksi. Nikazipitisha zote mbili kwenye ubao mmoja wa mninga. Ile kuukuu inatoa maranda mepesi, ukiyalaza juu ya gazeti unasoma maandishi. Mpya inarukaruka, inang'oa nyuzi, na baada ya mbao mbili makali yamelala.

Kisu nimenoa mwenyewe, jiwe lilelile, mkono uleule. Kwa nini iwe hivi? Nawasilisha.

#2 Mzee wa Sululu

Jibu ni fupi. Chuma cha zamani kilikuwa chuma. Siku hizi wanayeyusha makopo na mabati wanatuletea. Nina panga la marehemu baba, alilinunua 1974, mpaka leo linaangusha mgomba kwa pigo moja.

#3 Kijana wa Tegeta

Shikamoo mzee wa Sululu. Mgomba hata kisu cha jikoni kinaangusha kwa pigo moja. Tuletee habari za panga linaloangusha mkwaju.

#4 BintiMsumeno

Mkuu #1, kabla hatujalaumu chuma, umeangalia soli, yaani uso wa chini wa randa?

Mimi nimesoma useremala VETA na sasa nafundisha vijana. Randa mpya za bei ya chini karibu zote huja na soli isiyo sawa. Kiwandani wanamimina chuma cha kutupwa kwenye kalibu, wanasaga juu juu, wanapaka rangi, inaingia boksini. Ukiweka rula ya chuma chini yake dhidi ya mwanga utaona mwanga unapita katikati. Randa ya namna hiyo inaegemea pua na kisigino, kisu kinaning'inia hewani. Unaongeza kisu kidogo, haishiki. Unaongeza tena, inang'oa.

Fanya hivi. Tafuta kioo kinene, cha milimita 6 kinatosha, kilaze juu ya meza. Bandika msasa namba 80. Chora soli yote kwa kalamu ya wino, mistari ya kukingama. Sugua mara ishirini kwa kwenda na kurudi halafu igeuze. Palipobaki wino ni bonde. Endelea mpaka wino uishe kwenye pua, kwenye mdomo pale kisu kinapotokea, na kisigino. Hapo kati hata pakibaki kabonde kidogo hapana shida. Kisha msasa 120, kisha 220.

Jambo la pili ni kile kibati kinachokaa juu ya kisu. Wengi wanakifunga mbali na makali, milimita mbili au tatu. Kwa mninga kilete karibu, nusu milimita au pungufu. Mninga nyuzi zake zimepishana, huku zinakwenda kaskazini, sentimita tano mbele zinarudi kusini. Kibati kikiwa karibu kinavunja maranda kabla nyuzi hazijang'oka.

Hiyo randa ya Gerezani, naamini kuna fundi aliyefariki au kustaafu alikwishaifanyia yote haya. Umenunua kazi ya mikono yake kwa elfu 25.

#5 FundiWaKeko

Dada #4 asante sana. Nimeweka rula sasa hivi. Mwanga unapita katikati kama mlango ulioachwa wazi. Ile kuukuu haupiti kabisa.

#6 Seremala Mstaafu

Nyongeza kwa #4. Unaposugua soli acha kisu ndani na kifungwe kwa nguvu ileile ya kazini, ila kirudishwe juu kisiguse msasa. Ukikitoa, mwili unakaa vingine. Utanyoosha soli vizuri, ukirudisha kisu na kukaza inapinda tena. Nilipoteza siku mbili kujifunza hilo.

#7 BintiMsumeno

Shikamoo mzee. Kweli kabisa, nilisahau kuandika.

#8 MwanaLeicester

Wakuu, mimi niko Leicester, Uingereza, nina jibu jingine na halimfurahishi #2.

Kila Jumapili majira ya joto watu huku wanaegesha magari uwanjani, wanafungua buti na kuuza vitu vya nyumbani. Zana za marehemu babu zinauzwa kwa paundi tatu, nne. Nimeshika mamia ya randa. Naomba mniamini: ziko randa za zamani mbovu kuliko hiyo ya Kariakoo. Za mwili wa bati lililokunjwa, kisu chembamba kama cha wembe. Zilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa kurekebisha mlango mara moja kwa mwaka.

Mbona hamzioni Gerezani? Kwa sababu zilishatupwa. Fundi hatunzi kimeo miaka sitini. Mbovu za 1955 zilishayeyushwa zamani, zilizobaki ni zile ambazo kila aliyezirithi aliona hasara kuzitupa. Nyinyi mnalinganisha zana bora ya zamani na zana ya kawaida ya leo, halafu mnasema zamani kulikuwa kuzuri.

Na kuna njia nyingine zana hizi zinavyofika Afrika. Shirika la huku, Tools for Self Reliance, kwa miaka mingi watu wake wa kujitolea wamekusanya zana kuukuu, kuzisafisha, kuzinoa na kuzituma kwa mafundi wa Afrika, Tanzania ikiwemo. Huenda randa ya mkuu #1 imetokea kwenye sanduku kama hilo, ikapita mikono mitatu mpaka turubai la Gerezani.

#9 Mzee wa Sululu

Marahaba #3. Na wewe wa Leicester, nakuheshimu ila sikubali. Jembe langu la 1983 sikulichagua kati ya mia. Lilikuwa moja tu nyumbani, na jirani alikuwa na lake, na jirani wa jirani. Yote yalidumu. Hayo mabovu yaliyotupwa yalikuwa wapi kijijini kwetu?

#10 Nungwi Tezo

Assalaam alaykum wote.

Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi hapa Nungwi. Zana zake nzima zilikuwa zikiingia kapu moja: tezo mbili za kuchongea mbao, shoka, msumeno, patasi, keekee ya uta na nyundo ya kalafati. Hamna hata moja iliyotoka dukani isipokuwa msumeno. Tezo zilifuliwa na mhunzi, mpini kakata mwenyewe.

Nataka kusema jambo ambalo sijaona mtu kalitaja. Chombo kilimzoea. Mpini wa tezo yake ulikuwa umeliwa pale anaposhika, kidole gumba kina shimo lake. Mimi nikiishika ile tezo haichongi. Akiishika yeye anakunyoa ubao wa mtiki kama anamenya embe. Kila jioni akiipaka sifa, yaani mafuta ya papa, upepo wa bahari huku unakula chuma usiku mmoja. Wajukuu tulikimbia harufu ile, lakini kutu hakuna.

Basi miye naona si chuma wala si soli. Ni mwenye nacho.

#11 Kijana wa Tegeta

#10 lakini mwenye nacho wa randa ya #1 hajulikani, na randa bado inanyoa. Hapo pameziba.

#12 KamukunjiChuma

Sasa wakuu. Niko Kamukunji, Nairobi. Hii kazi ya kugonga chuma nimeifanya miaka kumi na saba, kwa hivyo wacha niongee upande wa moto.

Watu wanasema "chuma kizuri, chuma kibaya" kama vile ni nyama. Chuma kilekile kinaweza kuwa kizuri asubuhi na kibaya jioni, tofauti ni vile kimepashwa na kupozwa. Sisi tunatumia springi za lori kutengeneza patasi, panga na jembe. Springi ni mali safi. Unaipasha mpaka iwe nyekundu ya kuiva, unailetea sumaku. Sumaku ikikataa kushika, joto limefika, ni kama digrii 770. Unaongeza kidogo halafu unaizamisha kwa mafuta. Ukizamisha kwa maji ya baridi utasikia "tik", hiyo ni nyufa, umepoteza kazi yote.

Sasa hapo imekuwa ngumu lakini inavunjika kama chupa. Lazima irudi motoni polepole, unaangalia rangi inatembea kwa chuma kilichosuguliwa: kwanza njano ya nyasi kavu, halafu kahawia, zambarau, buluu. Patasi na kisu cha randa unasimamisha kwa njano. Panga unaacha liende karibu na buluu, kwa sababu panga linagonga mawe na mizizi, bora lipinde kuliko livunjike.

Randa ya boksi mara nyingi kisu kimewahiwa au kimechelewa hapo kwa rangi. Na kuna kosa la pili, hili ni la mafundi wenyewe: kunoa kwa grainda bila maji. Ukiona ncha imegeuka buluu, ugumu umeondoka, hata kama kisu kilitoka Sheffield, mji wa chuma wa Uingereza. #1, hicho kisu kipya ulikigusa na grainda?

#13 FundiWaKeko

#12 hapana, jiwe tu. Lakini sasa nakumbuka kona moja ilikuja na rangi ya kahawia toka boksini, nilidhani ni grisi.

#14 KamukunjiChuma

Basi hiyo ndiyo stori.

#15 BintiMsumeno

Si lazima. Kona ya kahawia haifanyi soli iwe na bonde.

#16 Mwalimu Fizikia

Wakuu, nimependa uzi. Kuhusu kutu, siki inafanya kazi lakini ukiisahau inaanza kula chuma chenyewe, kinakuwa cha kijivu chenye vishimo. Mimi natumia magadi. Yeyusha magadi kwenye ndoo ya plastiki, chukua chaja ya betri ya gari, waya chanya kwenye randa, waya hasi kwenye kipande cha nondo, acha saa sita. Kutu yote inabaki ndoo.

#17 Waya wa Tanga

Mwalimu #16, nakuomba uhariri haraka kabla mtu hajaharibu mali. Umegeuza. HASI ndiyo inakwenda kwenye randa, CHANYA kwenye nondo. Ukifanya ulivyoandika, randa ndiyo inaliwa na nondo inapona.

Mambo mengine matatu. Nondo na randa zisigusane. Kipande cha chanya kisiwe cha chuma cha pua, maana kinatoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Na fanyeni nje, mapovu yanayotoka yana haidrojeni, sigara mbali.

#18 Mwalimu Fizikia

#17 uko sahihi, nimeandika harakaharaka. Hasi kwenye chombo. Naomba radhi kwa wote.

#19 Dalali Mstaarabu

Nimekaa Gerezani miaka tisa, natafutia watu vitu. Zana kuukuu nzuri zinakuja kwa njia mbili: makontena ya mitumba ya vyombo kutoka Ulaya na Japani, na familia za mafundi wa zamani hapahapa mjini. Za familia ndizo bora, na hazifiki sokoni kwa tangazo. Mtoto anakuja na begi la baba, anauza kwa kilo kwa watu wa chuma chakavu. Kwa kilo! Nimeona msumeno wa Spear & Jackson, kampuni ya Uingereza, mshikio wa mbao wenye nakshi, unawekwa kwenye mizani pamoja na mabomba. Iliniuma sana.

Wenye karakana, pitieni kwa watu wa mizani asubuhi saa moja, kabla gari la chakavu halijapakia.

#20 Waya wa Tanga

Tukiwa Gerezani, naomba nilete onyo kuhusu zana za umeme, limenikuta mwenyewe.

Nilinunua drili ya kutoboa zege, kuukuu, nzito, kelele nzuri. Muuzaji alinijaribishia dukani kwake, ikazunguka. Nyumbani nikachomeka, ikalia kwa sauti ya juu isiyo ya kawaida, kama pikipiki iliyokwama kwenye tope, nikafurahi nikasema hii ina nguvu. Ndani ya dakika moja moshi. Nilipoigeuza nikaona kibati cha maelezo, chini ya uchafu: 110V. Plagi ilikuwa imebadilishwa. Alama ya njano bado ipo kwenye waya pale plagi ya zamani ilipokuwa.

Uingereza kwenye maeneo ya ujenzi wanatumia vyombo vya volti 110 vyenye plagi ya njano, kwa usalama, vinapitia transfoma. Vikichakaa vinauzwa, vinafika huku bila transfoma yake. Za Japani ni volti 100. Za Marekani 120. Sisi hapa ni 230. Dukani kwa yule muuzaji chini ya meza kulikuwa na transfoma, sikuiona.

Nguvu inayopita inakuwa mara mbili, waya za mota haziwezi.

#21 Mwalimu Fizikia

Pole sana #20. Sasa ni zamu yangu kusahihisha. Mkondo ndio unakuwa mara mbili. Joto kwenye waya linakwenda kwa mraba, 230 gawanya kwa 110 ni kama 2.1, zidisha kwa yenyewe unapata zaidi ya mara nne. Ndiyo maana ni dakika moja na si saa moja.

#22 Waya wa Tanga

Sawa mwalimu, sasa tuko moja moja.

#23 Mtoto wa Kongowea

Na za betri je? Kongowea hapa Mombasa kuna drili zimeandikwa 88VF, zingine 128VF, bei chini ya zile za 18V. Nikanunue?

#24 Waya wa Tanga

#23 hiyo VF si volti. Fungua hiyo betri, mara nyingi utakuta seli za lithiamu tano, seli moja ni volti 3.6, jumla 18. Ikiwa imejaa inapita 20 kidogo, ndiyo maana wengine wanaandika 20V kwa betri ileile. Hesabu seli zilizounganishwa mfululizo, usisome kibandiko. Na betri kuukuu usinunue kabisa hata kama drili ni nzuri, labda uwe na uhakika wa kupata betri mpya ya umbo lilelile.

#25 Mama Parachichi

Hamjambo. Nyinyi wa mbao mmeuteka uzi, nami nina shamba la parachichi Njombe, naomba nafasi.

Nimenunua mikasi ya kupogolea mitatu mipya ndani ya miaka miwili. Springi inaruka, inapotelea kwenye majani, ukiipata imeshapinda. Makali yanaachana, badala ya kukata tawi yanalitafuna, na jeraha la kutafunwa halifungi, linaingiza ugonjwa. Mwaka jana mgeni wa dada yangu aliniachia mkasi wake kuukuu wa Uswisi, mshikio mwekundu umechunika rangi. Kila kipande kinafunguka kwa bisibisi. Nimebadilisha springi tu. Unakata tawi la unene wa kidole gumba, sauti ni "chwa", na jeraha limelala laini kama limepigwa pasi.

Kwangu tofauti ni hiyo. Cha zamani kilitengenezwa kifunguliwe. Kipya kimepigwa ribiti, kikiharibika kitu kimoja umekwisha.

#26 Seremala Mstaafu

Mama #25 umegusa penyewe. Na misumeno ni vilevile. Chukua msumeno mpya wa mkono, angalia ncha za meno. Ukiona zina weusi au ubuluu, zimechomwa moto wa haraka ziwe ngumu kuliko tupa. Zinakaa na makali muda mrefu, nakubali, lakini siku zikilala huwezi kuzichonga, tupa inateleza. Unatupa. Msumeno wangu wa kupasua nimeuchonga kwa tupa ya pembetatu tangu 1979, umepungua upana karibu inchi mbili na bado unapasua.

#27 MwanaLeicester

Mzee #26, lakini kwa fundi wa saiti asiye na muda wa kuchonga, ule mpya una faida. Anakata miezi sita bila kugusa tupa.

#28 Seremala Mstaafu

Fundi wa saiti, sawa. Wa karakana, hapana.

#29 Mzee wa Sululu

Tumefika kwenye jembe sasa, nipeni nafasi. Zamani ulikuwa unataja jembe kwa kiwanda. Kulikuwa na la UFI pale Ubungo, kulikuwa na la ZZK Mbeya, na la Kiingereza lenye chapa ya mamba, la Chillington. Ukienda dukani unaliinua kwa kidole kimoja kwenye tundu la mpini unaligonga kwa jiwe. Jembe zima linalia kama kengele, sauti inakaa. Lenye ufa linasema "tak" na kunyamaza. Haya ya leo mengine yanalia kama sinia.

Na mpini usinunue wa dukani. Kata mkole au mkwaju, kausha kivulini, usikaushe juani unapasuka. Tumbukiza kwa juu ili kila unapolima lizidi kujikaza.

#30 Upareni Mhunzi

Mzee #29 asante. Kwa kuwa mmeanza historia, Upare ndiko kulikokuwa na chuma. Ukoo wa Washana kazi yao ilikuwa kufua, mvukuto na nyundo vilikuwa na miiko yake. Wachagga walipata chuma kutoka kwetu. Bila Mpare mlimani wangelima kwa vidole.

#31 Mchagga Mwenye Shamba

Tulilipa. Na ninyi mkala ndizi. Mtani wangu, usisahau upande wa pili wa hesabu.

#32 Upareni Mhunzi

Ndizi zenyewe mlizilima kwa jembe letu mtani.

#33 Bukoba Senene

Na Wahaya je? Miaka karibu elfu mbili iliyopita walikuwa wanatengeneza chuma cha pua Kagera.

#34 BintiMsumeno

#33 si chuma cha pua kaka, chuma cha pua ni kile cha sufuria kisichoshika kutu, kina kromiamu. Wahaya walitoa feleji, chuma chenye kaboni. Peter Schmidt na Donald Avery waliandika hayo mwaka 1978 baada ya wazee kuwajengea tanuri upya na kulivukuta. Tanuri lilipata joto la juu sana, wataalamu wakasema ni kwa sababu mirija ya hewa iliingizwa ndani ya tanuri, hewa ikawa inapashwa kabla ya kufika kwenye makaa. Wengine walipinga maelezo hayo ya hewa baadaye. Lakini feleji ilipatikana.

#35 Bukoba Senene

Feleji, sawa. Heshima ibaki Kagera.

#36 Kijana wa Tegeta

Stanley yenyewe ni ya Mwingereza au Mmarekani? Maana #1 kasema Made in England.

#37 MwanaLeicester

Kampuni ni ya Marekani. Muundo huo wa randa ni wa Leonard Bailey, Stanley walinunua biashara yake 1869. Stanley walianza kutengeneza randa Sheffield mwishoni mwa miaka ya 1930, na hizo ndizo nyingi zilizoenea kwenye nchi zilizotawaliwa na Mwingereza. Pia kuna za chapa ya Record, za Sheffield, zilizoanza 1931, mwili wake ulipakwa buluu. Ukikuta Gerezani kitu cha buluu chini ya kutu usikiache.

#38 FundiWaKeko

Wakuu nimerudi na majibu ya karakana. Nimefanya jaribio Jumamosi yote, kazi za wateja zimesubiri.

Visu vyote viwili ni vya inchi 2, vinaingiliana. Kwanza nikanyoosha soli ya randa mpya kama alivyoelekeza dada #4 na mzee #6. Ilinichukua saa tatu na karatasi kumi na moja za msasa. Bonde lilikuwa kubwa. Nikaleta kibati karibu. Kisha:

Mwili mpya na kisu kipya: inanyoa! Maranda mazuri, haing'oi tena. Lakini baada ya mbao tatu imelala.

Mwili mpya na kisu cha zamani: inanyoa vizuri, mbao kumi na mbili bila kunoa, nikachoka mimi.

Mwili wa zamani na kisu kipya: inanyoa laini kuliko zote mwanzoni, halafu inalala mbao ya nne.

Mwili wa zamani na kisu cha zamani: mnajua.

Jambo jingine, kijana wangu anayetumia mkono wa kushoto alipojaribu ya zamani ilimng'olea nyuzi mara mbili. Kwangu haijawahi.

#39 BintiMsumeno

Umeona? Soli. Randa iliyokuwa haifai sasa inanyoa.

#40 KamukunjiChuma

Umeona? Kisu. Mbao tatu dhidi ya kumi na mbili, ubao uleule. Lete hicho kisu kipya Nairobi nikipashe upya, kitafika kumi.

#41 Nungwi Tezo

Na kijana je? Randa ileile, kisu kilekile, mkono mwengine, imeng'oa.

#42 Mzee wa Sululu

Mwili wa zamani, kisu cha zamani. Mnajua. Mwenyewe kaandika.

#43 MwanaLeicester

Mkuu #1, kazi nzuri sana. Ila umepima randa moja ya kila upande. Ukipata kuukuu nyingine tatu za kuokota bila kuchagua, tutaanza kujua. Nitafurahi nikishindwa.

#44 Dalali Mstaarabu

Kuna begi la fundi limeletwa leo kwa mtu wa mizani, karibu na pale wanapouza springi. Nimeona randa mbili, moja ina rangi ya buluu pembeni, nyingine siwezi kusoma kwa kutu. Nimemwomba asiipakie mpaka kesho saa mbili.

#45 FundiWaKeko

#44 saa moja nitakuwa hapo na rula ya chuma. Mwambie asiguse hata kimoja. Na kama mwenye begi anajulikana, niulizie jina la fundi.

#46 Dalali Mstaarabu

Mtoto wake ndiye aliyeleta. Anasema mzee alikuwa akitengeneza madawati ya shule. Atakuwepo kesho.